Neno Lililokuwa Mgongoni mwa Mke Wangu

Mke wangu huangusha miti. Naanza na hilo kwa sababu nikianzia kwingine watu hukosea. Nikisema nyumbani kwetu kuna fundi magari mmoja na mkata miti mmoja, mgeni humgeukia mke wangu moja kwa moja na kumuuliza kama grisi haimharibii kucha. Fundi magari ni mimi. Na hata mabega, ukitupanga pamoja, ni yake.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, mkata miti wa siku nyingi aliyezaa mabinti watano na hakuona sababu ya shoka kukaa bila kazi. Sasa ana miaka ishirini na miwili kwenye shamba la miti la kiwanda cha mbao, mwendo wa nusu saa kutoka kwetu, na wenzake kumi na wanne, wote wanaume, humwita Kamanda. Kabla ya kuwasha msumeno wa mota huuzunguka mti mara mbili, mikono nyuma, kama mwalimu mkuu anayekagua sare. Halafu huchomeka kijiti ardhini, hatua thelathini mbele, na kusema, "Utalala hapa." Mti hulala pale. Mara nyingi hukipigilia kile kijiti kama msumari.

Siku ya majaketi alirudi nyumbani kifua mbele. Meneja wa kiwanda, mtu mwenye tai fupi na maneno marefu, alikuwa amewanunulia wakata miti wote majaketi mapya ya rangi ya chungwa, mazito, yenye mifuko sita. Mgongoni, kutoka bega hadi bega, kulikuwa na neno moja la Kiingereza lililotariziwa kwa herufi nyeupe: LUMBERJACK.

"Maana yake nini?" niliuliza.

"Meneja kasema ni neno la heshima."

Mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye na ambaye hakuna kitu kinachoingia nyumba ile bila kukaguliwa naye, alimgeuza mkwewe kwenye mwanga wa dirisha, akavaa miwani, akafuata herufi kwa kidole, moja baada ya nyingine.

"Mwisho huu ni jaketi," alitoa hukumu. "Wameishiwa na uzi kabla ya kumaliza."

"Na mwanzo, mama?"

"Mwanzo wamekosea."

Tungeishia hapo kama si kinyozi. Kinyozi huyu ana kibanda mkabala na gereji yangu, na kwa kuwa aliwahi kufanya kazi hotelini miezi mitatu, Kiingereza chote cha mtaa wetu hupitia kwake. Asubuhi iliyofuata mke wangu alipita na jaketi lake, akasalimia, akaenda zake kupanda lori la kiwanda. Kinyozi aliusindikiza mgongo wake kwa macho, mashine ya kunyolea ikiwa hewani, akasoma kwa sauti, kwa matamshi ya hotelini:

"Lamba jeki."

Mteja wake alicheka mpaka akanyolewa unyusi mmoja.

Naomba mnielewe hali yangu. Mimi ni fundi. Jeki ninayo, tena kubwa, nyekundu, ipo pale mlangoni, ndiyo kitu cha kwanza mtu anachokiona. Na mke wa mwenye jeki anatembea mjini na amri mgongoni kwamba jeki ilambwe. Kufikia saa sita mchana mtaa mzima ulikuwa na habari. Muuza matairi alikuja kuniuliza ina ladha gani. Dereva wa lori la maji alitaka kujua kama tunalamba kabla ya kula au baada. Mwanamke mmoja nisiyemfahamu kabisa alisimama, akaitazama jeki yangu, akanitazama mimi, akasema kwa upole, "Angalau uwe unaifuta grisi, baba," akaendelea na safari yake.

Jioni mke wangu alirudi akiwa amelikunja jaketi, neno ndani. Mtaa ulikuwa umemsindikiza kwa wimbo kutoka kituoni hadi mlangoni.

"Fundi," aliniambia. Akiniita fundi ndani ya nyumba, najua nimekwisha. "Hii ni kazi yako?"

"Kazi yangu vipi?"

"Wanasema umemwomba meneja aitangaze gereji yako mgongoni kwangu."

"Mke wangu, mimi na meneja hata salamu hatujawahi kupeana!"

"Nataka maana ya hili neno. Kesho asubuhi, kabla sijapanda lori. Na isiwe na ulimi ndani yake."

"Mimi nilisema tangu mwanzo ni uzi," mama alidakia kutoka jikoni.

Mtu pekee niliyemjua wa kusaidia alikuwa tayari gerejini. Mkalimani, ndivyo tunavyomwita, alistaafu baada ya miaka thelathini na mitano ya kutafsiri mahakamani, na gari lake lilikuwa limekaa kwangu miezi minane. Lilishapona zamani. Yeye ndiye hakutaka kulichukua. Alipenda kukaa kiti cha nyuma, milango wazi, akisoma magazeti, kwa sababu nyumbani kwake, alisema, hakuna anayenyamaza yeye anapozungumza. Miaka ile ya mahakamani ilimwachia ugonjwa mmoja: hawezi kueleza habari za mtu mwingine ila kwa kusema "mimi". Akikusimulia kesi ya mwizi wa ng'ombe, atakuambia, "Mimi niliiba ng'ombe wawili na sijutii," na wateja wageni hushika mifuko yao.

Nilimweleza shida yangu, na asubuhi iliyofuata alikuja na kamusi yake, nene kama tofali, isiyo na jalada, iliyofungwa kwa mpira wa tairi niliomkatia mwenyewe. Aliiweka juu ya boneti.

"Tuanze na nusu ya mbele," alisema. Akalamba kidole ili afunue ukurasa. Kinyozi, aliyekuwa amejisogeza kwa kisingizio cha kuomba kiberiti, aligeuka upande ili acheke vizuri. "Naam. Samani kuukuu na vikorokoro visivyotumika, vinavyojaza nafasi ndani ya nyumba." Akarudi nyuma kurasa nyingi. "Sasa nusu ya pili. Jina la mwanamume. Hutumika pia kwa mtu yeyote wa kawaida, mfanyakazi, fulani." Alifumba macho, akaunganisha. "Kwa hiyo, mimi ni fulani wa vikorokoro."

Nilisikia pumzi ikivutwa nyuma yangu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, jaketi mkononi.

"Vikorokoro," alisema.

"Hiyo ni maana ya kwanza," Mkalimani aliwahi kusema. "Ipo ya pili, nyuma ya ukurasa huu huu, ngoja nigeuze..."

Lakini mke wangu alishageuka. "Fundi, washa gari. Lori la kiwanda leo ni la polepole kwangu."

Ofisi ya meneja ni chumba cha mbao katikati ya uwanja wa kiwanda, chenye harufu ya utomvu na kahawa. Nyuma yake kuna mkaratusi mkubwa wa siku nyingi, ulioegemea upande mmoja kama mlevi anayesikiliza siri. Mke wangu aliingia bila kubisha, nami nikaingia nyuma yake kwa sababu nilikuwa nimeshika kofia yake ngumu.

"Mimi ni kikorokoro?" aliuliza, hata salamu hajatoa.

Meneja aliweka kikombe chini. "Samahani?"

"Miaka ishirini na miwili naangusha miti, na haujaanguka hata mmoja ukamgusa mtu. Leo natembea mjini nimeandikwa samani kuukuu. Nani kakutuma?"

Meneja alinitazama mimi. Mimi nilitazama dari.

"Nani amekuambia ni samani?"

"Kamusi."

Ikabainika kwamba meneja mwenyewe hajui. Aliona picha ya majaketi kwenye simu, yamevaliwa na watu wenye ndevu na furaha, akaagiza kumi na tano. "Walionekana watu wa maana," alijitetea, akirekebisha tai yake fupi. Lakini meneja huyu ana sifa moja: jambo likimshinda, huliitia mkutano. Akaamuru huyo mwenye kamusi aje kesho yake saa mbili, aeleze neno mbele ya kiwanda kizima, ili minong'ono ikome.

Mkalimani alikuja na suti yake ya mahakamani, nyeusi, inayong'aa kwenye viwiko. Sikuwahi kumwona na furaha kiasi kile. Mashine zilizimwa. Wapasua mbao, wakata miti, madereva na mama wa chai walikusanyika uwanjani, naye akapanda juu ya rundo la mbao, akakohoa mara mbili.

"Mimi," alianza, "ni neno."

Watu walitazamana.

"Nusu yangu ya kwanza iliishi Uingereza miaka mingi, ikiwa na maana ya vyombo vikuukuu vinavyoziba njia ndani ya nyumba. Kabla ya hapo nilitoka wapi, sina hakika. Wapo wanaosema nimetokana na Walombardi, watu wa Italia waliokuwa na maduka ya rehani yaliyofurika vitu vya watu. Lakini cheti cha kuzaliwa sina, na sitaapa."

"Usiape!" mpasua mbao mmoja alimuunga mkono.

"Nikavuka bahari, nikafika Amerika ya Kaskazini. Huko watu walikuwa wanakata misitu kwa fujo, mbao zimerundikana barabarani na bandarini, mtu hana pa kupita. Huenda ndiyo sababu wakaziita mbao kwa jina langu. Tangu hapo, kule, mimi si kikorokoro tena. Mimi ni mbao."

Nilimwona mke wangu akishusha mabega, kidogo.

"Nusu yangu ya pili ni Jack. Mimi ni jina la kawaida mno, limezagaa mno, hata ikawa mfanyakazi usiyemjua jina unamwita mimi. Fulani. Basi sisi wawili tukakutana, tukaoana, tukawa fulani wa mbao. Yaani mkata miti. Mwaka elfu moja mia nane thelathini na moja tulionekana pamoja gazetini huko Kanada. Aliyetuandika alikuwa analalamika kwamba sisi ni watu tusiorekebishika, ingawa alikiri huenda tuna faida."

"Huyo alikuwa meneja!" sauti ilitoka nyuma, na kiwanda kizima kikaangua kicheko.

Mkata miti mmoja alinyoosha mkono. "Mzee wangu, na habari ya kulamba?"

"Hakuna ushahidi wowote wa kulamba," Mkalimani alisema kwa uzito, na watu wakapiga makofi. Mke wangu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa jaketi. Mimi nilijiona mtu huru. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria jinsi nitakavyomkabili kinyozi.

Hapo ndipo meneja aliponyoosha kidole.

"Samahani, mzee. Umesema jina la nani? Jina la mwanamume?"

"Kwa asili, ndiyo, ila..."

"La mwanamume," meneja alirudia, na nikaona jambo likimwingia kichwani na kutafuta kiti.

Sasa lazima niwaeleze kuhusu mpwa wa meneja. Alikuwa bwana wa miaka thelathini hivi, mwenye misuli ya ukumbi wa mazoezi, aliyemaliza kozi ya wiki mbili ya msumeno wa mota na kukitia cheti chake ndani ya fremu. Tangu mwezi uliopita mjomba wake alikuwa anamtafutia nafasi, na nafasi hakuna. Pale pale uwanjani, mbele ya watu, ikapatikana.

"Sisi ni kiwanda kinachofuata maandishi," meneja alisema. "Jaketi limeandikwa jina la mwanamume. Anayelivaa awe mwanamume. Mama yetu huyu tunamshukuru kwa utumishi wake, kuanzia leo atapumzika stoo, apange mbao."

"Mimi sikusema hivyo!" Mkalimani alipiga kelele kutoka juu ya rundo.

Meneja alidhani bado ni neno linalozungumza. "Ushahidi umefungwa," alisema.

Wakata miti walinung'unika, wawili walivua kofia wakazipiga chini. Mke wangu hakusema kitu. Alilivua jaketi, akalikunja mara nne, akaondoa jani dogo kwenye kola, akamkabidhi mpwa. Mimi namjua. Akipiga kelele nalala usingizi mzuri. Akinyamaza nakosa hata hamu ya kula.

Nyumbani, mama ndiye aliyepandwa na mori. Yeye ambaye juzi alilisema lile jaketi kuwa limekosewa mwanzo na limepungukiwa mwisho, sasa alilililia kama mali ya ukoo.

"Mkwe wangu amefukuzwa msituni kwa sababu hana ndevu?" alifoka. "Mimi ninazo!" Alijishika kidevu, na ni kweli, zipo tatu. "Nipelekeni mimi nikavae!"

"Mama, tafadhali," nilisema.

"Wewe nyamaza. Ungekuwa mume wa maana ungekwenda ukamtoboa matairi yule meneja."

"Mama, mimi hutengeneza magari."

"Ndiyo maana nimesema matairi tu."

Mke wangu alikula kimya, akaosha sahani kimya, akalala ameelekea ukutani. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Alisema neno moja tu, tena kwa ukuta: "Wanazipanga mbao vibaya sana pale stoo." Nilijua anaumia, maana sauti ilikuwa ndogo. Nikamwekea mkono begani, hakuuondoa, lakini hakugeuka pia. Kazi yangu naijua, ya kwake inaniogopesha, na kati ya hizo mbili sikujua mume husimama wapi.

Siku ya nne, saa tano asubuhi, simu yangu iliita. Alikuwa mmoja wa wakata miti, anahema.

"Fundi, njoo na jeki. Ile kubwa."

"Shika adabu yako," nikamkatia. Nilishachoka na utani.

Akapiga tena, nikakata tena. Mara ya tatu ilikuwa sauti ya mke wangu. "Njoo na jeki. Na azima nyingine kwa muuza matairi. Upesi, meneja yuko chini ya mti."

Gari langu nilikuwa nimelifungua injini. Gari pekee zima pale gerejini lilikuwa la Mkalimani, na Mkalimani alikuwa ndani yake, kiti cha nyuma, na gazeti. Sikuwa na muda wa kumshusha. Nilitupa jeki mbili kwenye buti, nikaruka kwenye usukani, na gari lile likatoka gerejini kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane, mwenyewe akipiga kelele nyuma kwamba hajamaliza ukurasa wa michezo.

Tulichokikuta kilikuwa hivi. Meneja alikuwa ameamua kwamba mpwa wake aanze kazi kwa kuuangusha ule mkaratusi wa nyuma ya ofisi. Kwa usalama, alitoka ofisini na kikombe chake, akaenda kukaa ndani ya gari lake, upande ambao mpwa alimhakikishia mti hauwezi kuanguka. Mpwa aliuzunguka mti mara moja, simu mkononi, akijipiga picha. Mke wangu, kutoka mlango wa stoo, alimwambia, "Mdogo wangu, huo umeoza ndani upande wa kushoto, na upepo umegeuka." Mpwa akajibu, "Wewe mama panga mbao." Akakata. Mti ukasimama kidogo, kama unaofikiri, halafu ukageuka nusu mzunguko na kwenda moja kwa moja kwa meneja.

Shina lilikosa paa kwa urefu wa mkono. Lilitua kwenye boneti, likaibana kama mkate, na matawi yakalikumbatia gari pande zote mbili, milango ikagoma. Meneja hakuwa na mchubuko hata mmoja. Alikuwa amekaa wima, kahawa yote mapajani, dirisha limefunguka vidole vinne tu, na macho yake yalikuwa makubwa kuliko kikombe.

Mpwa alikuwa amewasha tena msumeno ili alikate tawi kubwa lililoziba mlango wa dereva.

"Zima!" Sauti ya mke wangu ilipita uwanja mzima. Mpwa akazima. Nadhani hata mashine ya kupasulia mbao ilizima. "Unaliona hilo tawi? Limepindwa kama upinde. Ukilikata hapo litaruka, na litaruka kwa mjomba wako. Sogea."

Akasogea. Wote tukasogea. Mke wangu alilizunguka gari mara mbili, mikono nyuma. Alishika tawi, akaligonga, akainama chini ya shina akachungulia. Kisha akaniita kwa kidole. "Jeki yako hapa. Ya muuza matairi kule. Pole pole, mpaka niseme."

Nikaweka. Nikaanza kupampu. Shina lilitoa mlio, likapanda unene wa kidole, naye akasukuma kabari. Unene wa vidole viwili, kabari nyingine. Hakuna aliyepumua isipokuwa meneja, ambaye alipumua kwa ajili ya wote.

"Kamanda," alisema kupitia tundu la dirisha, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "tafadhali."

"Tulia, meneja, tunafanya. Wewe niambie tu, ili nijue bado una fahamu: hiki anachopampu mume wangu kinaitwaje?"

"Jeki."

"Ni ya kiume au ya kike?"

"Ni... ni chuma, mama."

Nyuma yetu mtu alikohoa mara mbili. Mkalimani alikuwa ameshuka na gazeti kwapani. "Mimi, jeki ya gari," alisema, "nimepewa jina la yule yule fulani wa juzi. Kazi ya kuinua ilikuwa ya msaidizi, nami nikaifanya badala yake, wakaniita kwa jina lake. Ndevu hawakuniuliza. Hilo ndilo nililotaka kusema nilipofungiwa ushahidi."

"Nimeelewa," meneja alisema.

"Hujajibu," mke wangu alimwambia, akisukuma kabari ya nne.

"Si ya kiume! Si ya kike! Ni ya anayeifanya kazi!"

"Simama hapo, fundi. Inatosha."

Mpwa alikuwa amesimama pembeni, uso umempauka. Alilivua jaketi. Lilikuwa limechanika kwapani kwa sababu ya ile misuli. Akamwekea mke wangu mabegani, na kumpa msumeno kwa mikono miwili. Mke wangu alivaa kofia, akachagua upande wa ndani wa lile tawi, akalichanja kidogo, akangoja. Akachanja tena, akangoja. Tawi lilinyooka taratibu kama mtu anayejinyoosha asubuhi, likalala chini. Halafu akalikata la pili. Mlango ukafunguka, na meneja akatoka akiwa ameshika kikombe chake kitupu, akakaa chini kwenye vumbi la mbao, akasema atapenda maji.

Mimi mkono wangu ulikuwa bado kwenye mpini wa jeki. Nilijaribu kuuondoa ukakataa. Mke wangu alikuja, akanifungua vidole kimoja kimoja. "Umefanya vizuri," aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, na nikaona aibu kwamba macho yalikuwa yananichoma.

Mkutano ulifuata, kwa kuwa meneja ni meneja. Aliwaomba watu radhi, akasema maandishi yalisomwa vibaya, akamrudisha mke wangu msituni, na kwa kuwa alikuwa bado anatetemeka, akampa na cheo: msimamizi wa ukataji wote. Majaketi yalibaki yale yale. Kinyozi aliendelea siku mbili tatu, mpaka mama alipokwenda kwake, akakaa kwenye kiti cha kunyolewa, akadai ndevu zake tatu zinyolewe bure, na kumweleza habari za Walombardi kuanzia mwanzo. Ilichukua mchana mzima. Alikuwa anazitia chumvi kidogo. Katika masimulizi yake hao Walombardi walikuwa mafundi cherehani.

Mpwa hakufukuzwa. Mke wangu ndiye aliyemkatalia meneja. "Ana nguvu na ana woga," alisema, "na woga ndio uliokuwa umepungua." Sasa anatembea nyuma yake msituni, bila simu, akiizunguka miti mara mbili mbili mpaka inachosha kumtazama.

Cheo kilikuja na meza na kiti cha ofisi chenye magurudumu. Siku ya kwanza mke wangu alikikalia, kikarudi nyuma chenyewe, kikagonga kabati, mafaili yakamwagika. Akakirudisha stoo. Kesho yake akaja na kipande cha gogo, urefu wa goti, akakisawazisha juu kwa randa na kukiweka nyuma ya meza. Meneja alipouliza kiti kiko wapi, alimwambia ndicho hicho, na hakina magurudumu.

Nikipita kumchukua saa kumi na moja humkuta hapo, magoti yamepanuka, penseli mkononi, anaandika ripoti ya siku huku ncha ya ulimi imetokeza pembeni ya mdomo. Kuandika kunamtesa kuliko mkaratusi wowote.

"Ngoja," huniambia bila kuinua kichwa. "Nimebakiza mstari mmoja."

Huwa ni mistari minne au mitano. Navuta ndoo, naigeuza, nakaa.